Hana VVU, hana selimundu: basi usaha unatoka wapi?

Mtoto akilazwa kwa maambukizi makali ya bakteria katika hospitali yoyote ya Uganda, iwe Arua, Mbale au Masaka, maswali manne hutangulia. Ana malaria? Ana VVU? Ana utapiamlo? Ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita? Yanastahili kutangulia, kwa sababu mara nyingi jibu limo humo. Kwa selimundu peke yake, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wamebeba jeni moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe.

Kasoro huja baadaye. Majibu yote manne yakirudi "hana", mtoto humalizia sindano zake, homa ikashuka, akaruhusiwa, na daftari likafungwa. Swali la tano haliulizwi: je, mtoto huyu alizaliwa na kinga yenye pengo?

Tunawaandikia wazazi, na pia masista na matabibu wa vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, kwa sababu ushahidi mwingi wa swali hilo la tano hupatikana kwao kabla mtoto hajafika hospitali ya rufaa. Jeni zinazojulikana kuharibu kinga tangu kuzaliwa ni zaidi ya 400. Hapa tunashughulika na chache tu, zile zinazojitokeza kwa usaha, nimonia, homa ya uti wa mgongo au bakteria kwenye damu katika miaka ya mwanzo.

Usihesabu, tazama ugeni

Orodha za dalili za hatari zinazobandikwa ukutani huhesabu: nimonia mbili kwa mwaka, maambukizi ya masikio manne kwa mwaka, na kadhalika. Hesabu hizo zilitungwa kwa nchi ambako nimonia huthibitishwa kwa picha ya kifua. Kwetu zinapotosha pande zote mbili. Daftari la mtoto linaweza kuwa na neno "nimonia" mara sita, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mafua yaliyomfanya apumue haraka. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye pengo kubwa anaweza kufa katika maambukizi ya kwanza kabisa, asifikishe hayo mawili. Hata Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika orodha ya dalili kumi, zilizobeba uzito hasa ni historia ya familia, kuhitaji antibiotiki za mshipa kwa sababu ya sepsisi (maambukizi yaliyouvamia mwili mzima), na mtoto kutokua.

Kwa hiyo tunaangalia mambo manne katika maambukizi yenyewe: ni kijidudu kipi, kimekaa wapi, mtoto ana umri gani, na mwili wake umeitikiaje. Moja likiwa la ajabu, hata kama ni mara ya kwanza, linatosha kuanza uchunguzi. Jipu la ini kwa mtoto wa miaka miwili ni ajabu. Bakteria wa Serratia marcescens au Pseudomonas kwenye damu ya mtoto ambaye hakuwa amelazwa kabla, hana kidonda cha moto wala mpira wa mshipa, ni ajabu. Homa ya uti wa mgongo ya pneumokoka, bakteria wa kawaida wa nimonia, kwa mtoto aliyepata chanjo zake zote tatu za pneumokoka, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni ya kutiliwa shaka. Chanjo hiyo ipo Uganda tangu 2013 na haizuii aina zote za pneumokoka, kwa hiyo shaka si hukumu. Lakini shaka hiyo iandikwe kwenye daftari, isiishie kichwani mwa daktari wa zamu.

Mvulana anayeanza kuugua baada ya mwezi wa tano

Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Nusu yake hupotea kila baada ya wiki tatu hivi. Mtoto wa kawaida huanza kujitengenezea zake, na kati ya mwezi wa tatu na wa sita anapita bondeni, kisha anapanda. Mvulana mwenye ugonjwa wa Bruton anashuka bondeni na hapandi, kwa sababu jeni yake ya BTK iliyo kwenye kromosomu X haifanyi kazi na hawezi kukomaza limfositi B, chembe zinazotengeneza kingamwili.

Ndiyo maana kadi yake ya ukuaji inadanganya. Miezi minne ya kwanza mstari wa uzito unapanda vizuri, chanjo zimekamilika, mama anasifiwa. Kisha masikio yanaanza kutoa usaha, ikifuata nimonia, na siku moja bakteria wanaingia kwenye damu au kwenye uti wa mgongo. Wahusika wakuu ni pneumokoka, Haemophilus, na mara nyingine Pseudomonas. Daktari Mmarekani Ogden Bruton alieleza kisa cha kwanza mwaka 1952, cha mvulana wa miaka minane aliyerudiwa na sepsisi ya pneumokoka mara nyingi. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993.

Kuna ishara inayohitaji tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi tu. Mtoto aliyepita mwaka mmoja na mwenye maambukizi ya koo na masikio anatakiwa awe na tonsili zinazoonekana na tezi za shingo zinazoshikika. Huyu hana. Koo liko wazi kama chumba kilichohamwa. Matabibu wengi huandika "koo safi" wakaendelea, na hapo ishara inapotea, kwa sababu kutokuona kitu hakukumshtua mtu.

Sepsisi isiyo na homa

Upungufu wa IRAK4, uliotambuliwa mwaka 2003, na wa MyD88, wa mwaka 2008, ni wa protini zilizo kama waya za kengele ya kinga. Kingamwili zipo, chembe nyeupe zipo, lakini mwili hausikii kwamba bakteria ameingia. Pneumokoka na stafilokoka huenda mbali kabla ya joto kupanda. Mtoto anafika akiwa na nyuzi 36.8, CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi, iko chini, kumbe damu imejaa bakteria.

Hili ni hatari zaidi kwetu, kwa sababu foleni zetu hupangwa kwa homa. Mtoto mwenye joto la kawaida huambiwa akae asubiri. Watoto wenye utapiamlo mkali nao hukosa homa, kwa hiyo wodi za lishe zinaijua tabia hii, ila kwa mtoto mnene mwenye afya nzuri hakuna anayeiwaza. Tazama mikono ya baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, mtoto kukataa ziwa, kulegea, na ukibonyeza ukucha rangi irudi baada ya sekunde zaidi ya tatu. Hizo hazisubiri kipimajoto. Wanaovuka utotoni wakiwa hai, maambukizi makali hupungua sana wakifikia ujana, na ndiyo sababu inalipa kuwalinda katika miaka ile ya kwanza kwa antibiotiki za kila siku.

Kitovu kisichodondoka

Kitovu cha kawaida hukauka na kudondoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Kikipita wiki ya tatu au ya nne bado kining'inia, na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu au nyeusi bila usaha, fikiria LAD, upungufu unaozuia chembe nyeupe kushika ukuta wa mshipa na kutoka kwenda kwenye kidonda. Chembe zipo nyingi ajabu, ila zimefungiwa ndani ya damu. CBC, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, inarudi na chembe nyeupe 40,000, wakati mwingine zaidi ya 100,000 kwa mikrolita, hadi watu wakaanza kusema saratani ya damu. Kidonda kinapanuka kikiwa kikavu, hakina usaha, hakiponi. Baadaye fizi huvimba na meno hulegea mapema.

Kinachovuruga picha hii ni majivu, unga wa mitishamba na mambo mengine yanayopakwa kitovuni. Yanaleta maambukizi kwa mtoto yeyote, hata mwenye kinga kamili, na yanachelewesha kitovu kukauka. Kwa hiyo uliza kwa upole kilichopakwa. Aliyepakwa klorheksidini ya asilimia 7.1 huenda kitovu chake kikachelewa siku chache, lakini hakifiki mwezi.

Inayofanana na kifua kikuu

CGD ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu Uganda ina kifua kikuu kingi na CGD inavaa nguo zake. Katika ugonjwa huu wa kuzaliwa neutrofili, chembe nyeupe zinazomeza bakteria, hufika kwenye kidonda, humeza kijidudu, kisha hushindwa kukiua kwa sababu haziwezi kutengeneza oksijeni kali inayotumika kuua. Mwili hujenga uvimbe kuzunguka chembe hizo: tezi za shingo au kwapa zinazooza na kutoa usaha, jipu la ini, mfupa uliooza, nimonia inayokaa wiki kwa wiki. Mtoto anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, anapata nafuu kidogo au hapati, na miezi sita inaisha.

Vijidudu vyake vina orodha inayokaririka: Staphylococcus aureus, Serratia, Burkholderia, Nocardia, salmonela, na ukungu wa Aspergillus. Pneumokoka si kawaida yake. Usaha wowote uliopasuliwa uoteshwe maabara, usimwagwe kwenye ndoo. Jibu la "Serratia" au "Burkholderia" kutoka kwenye tezi ya mtoto linakaribia kukupa ugonjwa wenyewe.

Hapa pana mtego unaopaswa kubandikwa ukutani. BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo Uganda hutolewa mtoto anapozaliwa, kwenye mkono wa juu wa kulia, ni chanjo hai. Tezi ya kwapa la upande huo ikivimba peke yake, hata kwa mtoto mzima wa afya hutokea. Lakini kidonda cha BCG kikioza kwa miezi, tezi za mbali zikavimba, ini na wengu vikakua, au mfupa ukaingiliwa, chanjo imesambaa, na kusambaa huko huashiria CGD, au upungufu mkubwa wa limfositi T (chembe nyeupe zinazoongoza kinga), au kasoro kwenye njia ya interferoni gama (ujumbe unaoziamsha chembe kuua vijidudu vya aina hii). Mtego wenyewe ni huu: usaha huo ukipelekwa GeneXpert, mashine ya kutambua kifua kikuu, itasema kifua kikuu kimeonekana, kwa sababu inatambua familia nzima ya vijidudu hivyo na haitofautishi BCG na kifua kikuu cha kawaida. Mtoto anaandikiwa dawa nne, na moja kati yake, pirazinamidi, haifanyi kazi kwa BCG kabisa. Jibu la mashine lisomwe pamoja na historia ya bega.

Nyinginezo kwa haraka

Neutrofili zilizo chini ya 500 kwa mikrolita, mara zaidi ya moja, kwa mtoto mwenye vidonda vya mdomo na majipu, ni upungufu wa kuzaliwa hadi ithibitishwe vingine. Lakini tafadhali, neutrofili 1,100 kwa mtoto Mwafrika anayecheza na kula vizuri si ugonjwa. Watu wetu wengi huzaliwa na kiwango cha chini kuliko vipimo vya vitabu vya Ulaya, na hawaugui kwa sababu hiyo.

Mtoto aliyezaliwa bila wengu hufa haraka kwa pneumokoka, wakati mwingine ndani ya saa chache, na tone la damu kwenye kioo lingetosha kumtambua: chembe nyekundu huonyesha vidoti vinavyoitwa Howell-Jolly. Mtaalamu wa maabara anayesoma kioo kutafuta malaria anaviona vidoti hivyo, ila hakuna aliyemwambia aviripoti. Mwambieni. Na mtoto aliyepata homa ya uti wa mgongo ya meningokoka mara mbili, hasa West Nile au Karamoja ambako ugonjwa huo huja na kiangazi, achunguzwe komplimenti, protini za damu zinazosaidia kuua bakteria. Kama mara zote mbili ilikuwa pneumokoka, tafuta pia ufa kwenye fuvu na umuulize mama kama pua moja hutoa maji.

Kwanza aokolewe

Uchunguzi wa kinga usicheleweshe dawa hata dakika tano. Lakini kuna damu ambayo ukikosa kuichukua sasa hutaipata tena. Kabla ya antibiotiki, safisha ngozi kwa spiriti, iache ikauke kwa nusu dakika, futa na mdomo wa chupa, kisha toa damu ya kuotesha, mililita 1 hadi 3 kwa mtoto mdogo. Nusu mililita mara nyingi hairudishi chochote, na jibu la "hakuna kilichoota" linasomwa kana kwamba bakteria hawakuwepo.

Kabla ya kumwongeza damu, toa mililita 2 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na 2 kwenye ya kifuniko chekundu, uzihifadhi. Watoto wetu huongezewa damu kila siku kwa sababu ya malaria, na damu ya mchangiaji huja na kingamwili zake. Ukipima kingamwili wiki ijayo utakuwa unampima mchangiaji. Kama unashuku upungufu mkubwa wa limfositi, damu ya kuongeza inapaswa kupigwa mionzi, la sivyo limfositi za mchangiaji humshambulia mtoto. Isipopatikana, jaribu kuepuka kumwongeza isipokuwa maisha yako hatarini.

Kipimo cha haraka cha malaria kikiwa chanya, usipumzike. Kile kinachotafuta HRP2, protini ya kijidudu cha malaria, huendelea kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, na mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na salmonela kwenye damu wakati huo huo.

Seftriaksoni ni miligramu 80 hadi 100 kwa kilo, mara moja kwa siku. Ni dawa nzuri, ila ina mapengo yanayoangukia hasa watoto hawa: haimudu Pseudomonas, na kwa stafilokoka ni dhaifu. Pakiwa na majipu, ongeza kloksasilini miligramu 50 kwa kilo kila saa sita. Pakiwa na doa jeusi linalooza kwenye ngozi, ambalo ni alama ya Pseudomonas, ongeza jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo kwa siku, au badilisha iwe seftazidimi. Muda wa matibabu huwa mrefu kuliko kawaida, na jipu la ini la CGD huhesabiwa kwa wiki.

Juu ya dripu, Uganda ina ushahidi wake yenyewe. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulichukua watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wengi wao katika Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, wengine Kenya na Tanzania. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, wasiomiminiwa asilimia 7.3. Kummiminia mtoto mwenye sepsisi dripu zima kwa haraka kwa sababu "mishipa imelala" ni mazoea yaliyopaswa kufa mwaka huo.

Vipimo vilivyopo tayari

Watu hukata tamaa wakidhani uchunguzi wa kinga unaanzia Ulaya. Unaanzia kwenye karatasi mbili ambazo mtoto amekwisha kuzilipia.

Ya kwanza ni CBC. Usisome jumla, soma mgawanyo. Limfositi chini ya 3,000 kwa mikrolita kwa mtoto wa miezi ya mwanzo ni kengele, kwa kuwa kawaida yake ni 4,000 na zaidi. Wengi huziacha kwa sababu kwa mtu mzima 2,000 ni sawa na mashine haikuweka alama.

Ya pili ni vipimo vya ini. Chukua protini jumla, toa albumini, kinachobaki ni globulini, na sehemu kubwa ya globulini ni kingamwili. Protini 62 na albumini 36 hubakiza gramu 26 kwa lita, hakuna neno. Protini 48 na albumini 36 hubakiza 12, na hapo simama. Chini ya 18 kwa mtoto aliyepita mwaka ni sababu ya kupima IgG, IgA na IgM, aina kuu za kingamwili. Chini ya mwaka kiwango cha kawaida huwa chini zaidi, kwa hiyo tafsiri kwa umri. Mtoto anayeumwa mara kwa mara katika nchi ya malaria anatakiwa awe na globulini nyingi. Akiwa nazo chache, jambo hilo ni la ajabu maradufu.

Kisha VVU, kwa uangalifu. Chini ya miezi 18 kipimo ni PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa sababu kingamwili alizo nazo zinaweza kuwa za mama. Lakini mtoto asiyetengeneza kingamwili atapata jibu hasi la kipimo cha haraka katika umri wowote, hata kama virusi anavyo. Ukimshuku ugonjwa wa Bruton, tumia PCR hata akiwa na miaka minne.

Kuhesabu limfositi B, T na NK hufanywa na mashine za aina ile ile zinazohesabu CD4 za wagonjwa wa VVU, kama maabara ina vitendanishi vya CD19, CD3 na CD56, alama za limfositi hizo kwa mpangilio wa B, T na NK. Uliza kabla ya kutuma. Damu isafiri kwenye chupa ya zambarau, joto la kawaida la chumba, isiwekwe kwenye friji wala barafu, ifike ndani ya siku moja au mbili. CD19 chini ya asilimia 2 kwa mvulana ni Bruton karibu kwa uhakika.

Kwa CGD, kipimo cha DHR, kinachoonyesha kama neutrofili zinatengeneza ile oksijeni kali, kinahitaji damu ya chupa ya kijani, ndani ya saa 24, ikiambatana na damu ya mtu mzima wa afya kwenye boksi lile lile. Bila hiyo ya pili, neutrofili zilizokufa kwa jua la njiani zitasomwa kama CGD. Pasipo DHR kuna NBT, ya zamani na inayodharauliwa bure: tone la damu, rangi ya njano, darubini. Neutrofili hai hugeuza rangi kuwa buluu nzito, za CGD hazigeuzi, na mama aliyebeba jeni ya kromosomu X huonyesha mchanganyiko wa aina zote mbili.

Waulizie wajomba

Ugonjwa wa Bruton, aina moja kubwa ya CGD na aina moja ya upungufu wa limfositi T hupita kwa mama na kuwapata wavulana. Familia zetu nyingi huhesabu ukoo kwa baba, kwa hiyo ukiuliza "kuna ugonjwa wa ukoo?" unajibiwa hakuna, na ni kweli, upande wa baba hakuna. Muulize mama hivi: ndugu zako wa kiume wangapi walizaliwa na wangapi walikua? Na watoto wa kiume wa dada zako? Wa mama zako wadogo na wakubwa? Majibu huja na maneno ya wakati huo: alikufa kwa surua, kwa degedege, alirogwa. Andika jinsia na umri, sababu achana nayo. Wavulana watatu waliokufa kabla ya miaka miwili katika tumbo moja, na dada zao wote wazima, ni jibu la maabara.

Uliza mama akiwa peke yake. Taarifa hiyo ikitoka mbele ya wakwe inaweza kumgeuzia lawama. Kutopata historia nako hakuondoi shaka, kwani visa vingi huanza na badiliko jipya. Aina nyingine hutoka kwa wazazi wote wawili. Miiko ya kutooana ndani ya ukoo hupunguza hizo, haizimalizi.

Akiwa nyumbani

Asing'olewe meno. Mtoto mwenye homa na kuhara hupelekwa kwa fundi akachokolewe ebiino, yaani vichipukizi vya meno vinavyodhaniwa kuleta ugonjwa, na fizi iliyochokolewa kwa chuma kichafu ni mlango wazi kwa damu ya mtoto asiye na kinga. Kukata kilimi vilevile.

Chanjo zisizo hai apewe zote. Zilizo hai zinategemea ugonjwa: Bruton asipewe polio ya matone wala homa ya manjano, CGD na LAD wasipewe BCG, na mwenye upungufu mkubwa wa limfositi T asipewe yoyote hai. Tunasisitiza mpangilio huu kwa sababu tangazo la jumla la "usichanje" huua ndugu zake.

Septrini ya kila siku hulinda vizuri katika CGD: trimethoprimu miligramu 5 kwa kilo kwa siku, yaani mtoto wa kilo 8 mililita 5 za dawa ya maji yenye 240 kwa mililita 5, pamoja na itrakonazoli miligramu 5 kwa kilo kwa ajili ya ukungu. Kosa la kawaida ni kipimo kubaki pale pale mtoto akikua. Pimeni uzito kila miezi mitatu.

Bruton anahitaji imunoglobulini, yaani kingamwili za wachangiaji damu, maisha yote: miligramu 400 hadi 600 kwa kilo kila wiki tatu au nne. Mtoto wa kilo 10 hutumia chupa moja ya gramu 5. Ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8, itolewe kwenye friji mapema ipate joto la chumba, isitikiswe, ianze polepole, nusu mililita kwa kilo kwa saa katika nusu saa ya kwanza. Kutetemeka na kuumwa kichwa mara nyingi husababishwa na mwendo wa haraka. Kabla ya dozi inayofuata pima IgG. Ikiwa chini ya gramu 7 kwa lita, ongeza. Ni dawa ghali na mara nyingine haipo. Plazima iliyogandishwa, mililita 15 hadi 20 kwa kilo kila wiki tatu au nne, huziba kwa muda, ingawa hutoa chini ya nusu ya kingamwili zinazotakiwa. Kwa LAD kali na upungufu wa limfositi T tiba ni kupandikizwa uboho, na familia nyingi zinazoweza huutafuta India.

Mama akipata mimba tena, aseme kliniki mapema. Mtoto akizaliwa mvulana, IgG yake ya siku ya kwanza haikuambii kitu, kwani ni ya mama. CBC na CD19 zinaeleza, na NBT au DHR kama familia ni ya CGD. BCG na matone ya polio visubiri majibu, na anayetoa chanjo aandikiwe sababu kwenye kadi, asije akadhani mama amekataa. Majibu yakiwa mazuri, mtoto arudishwe kituoni wiki hiyo hiyo apate BCG yake.